Jioni nne kwenye hori ya Mida

Alhamisi

Nimeshuka Mida, kaskazini mwa Mombasa, saa nane na nusu mchana, begi la kamera nimelipakata tangu Mombasa kama mtoto mchanga. Kutoka barabara kuu hadi ukingoni mwa mikoko ni mwendo mfupi wa bodaboda. Januari hii kaskazi inavuma kavu, na maji ya hori, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, ndiyo kwanza yanaanza kurudi. Tope linang'aa mpaka mbali, vijito vyembamba vinapanda taratibu kati ya mizizi.

Nimekuja kutafuta picha moja tu: keremkerem mwekundu anapotua kulala, jicho lake likionekana. Huu ni mwaka wa tatu naijia. Asiyemjua ndege huyu amfikirie mwili wa rangi ya komamanga lililopasuliwa, kichwa cha buluu ya kijani, na utepe mweusi uliopita machoni kama kitambaa cha kufungia kidonda. Huzaa kule kaskazini, ukanda unaoanzia Senegal hadi Ethiopia, kisha kati ya Oktoba na Aprili tunakuwa naye pwani. Mchana kutwa anawinda nyuki na panzi juu ya mashamba na pembezoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke. Jioni wanakusanyika kwa mamia wakaja kulala kwenye mikoko ya Mida, na hapo ndipo shida yangu inapoanza, kwa sababu wanakuja wakati mwanga unaondoka.

Huku kwetu karibu na ikweta jua halizami kwa mshazari, linatumbukia. Leo limezama saa kumi na mbili na nusu na ushee, na kufikia saa moja na dakika chache nilikuwa siwezi tena kusoma namba zilizoandikwa kwenye lenzi. Kazi yote iko ndani ya dakika hizo.

Daraja la Mida ni la mbao, linaning'inia kwa kamba kati ya mikoko, na mwisho wake kuna kibanda cha kutazamia ndege. Lilijengwa na A Rocha Kenya, shirika la uhifadhi wa mazingira, na kiingilio unacholipa kinasaidia karo ya wanafunzi wa sekondari wanaotoka vijiji vya kandokando ya hori na msitu. Nalipenda daraja hili. Ila ni la kamba, nalo linacheza: mwenzako akitembea mwisho ule, wewe unayumba mwisho huu. Niliweka tripodi, stendi ya miguu mitatu, katikati yake nikidhani nimejipanga.

Walikuja kwa makundi ya kumi, ya ishirini, kisha mawingu. Nikabonyeza. Katikati ya shughuli mgeni mmoja akawasha flashi, mti mzima ukainuka kwa sauti kama mchele unaomwagwa kwenye ungo, na walichukua muda mrefu kurudi. Wale ndege wamechoka, wana usiku mmoja wa kupumzika kabla ya kuruka tena kutwa nzima. Flashi juu ya tawi la kulalia ni ukatili, hata kama aliyeiwasha hakukusudia, na nilimwambia hivyo kwa upole.

Usiku, kitandani, nimehesabu: picha 312. Kwenye kioo kidogo cha kamera zote zinavutia. Ukiikuza moja hadi kichwani, jicho halipo, pana doa tu lililokokotwa. Nimezipitia moja moja, maana ukungu wa picha una sababu zake na kila sababu ina alama yake. Ndege akiwa ameburuzika lakini tawi limetulia, basi ndege ndiye aliyesogea. Jani la nyuma likiwa safi na ndege amepwaya, fokasi, yaani ulengaji wa lenzi, imekwenda kusiko. Kila kitu, tawi, jani na ndege, kikiwa kimevutwa upande mmoja kwa kipimo kilekile, aliyetikisika ni mpiga picha. Zaidi ya nusu ya zangu ni za aina hiyo ya mwisho.

Sababu naijua, na inaniuma. Miaka mingi iliyopita, nilipoanza, mtu wa duka la kusafisha picha aliniambia nisipandishe ISO, kipimo cha wepesi wa kamera kupokea mwanga, kupita 800, picha itajaa chenga, punje punje kama mchanga, na haitafaa kuchapwa. Nimeishi na neno hilo tangu siku ile. Lenzi yangu ni ya milimita 400, tundu lake la kuingizia mwanga likifunguka lote ni f/5.6 tu, wala haina kitulizi cha mtikiso. Kwa ISO 800, jua likishazama, kamera inaniomba shata, pazia lake la ndani, ikae wazi sehemu ya 250 ya sekunde, baada ya dakika chache ya 60, kisha ya 30. Lenzi ndefu kiasi hicho inataka angalau sehemu ya 400 ukiishika mkononi, au ukiisimamisha kwenye daraja linaloyumba. Basi kwa kuogopa chenga nimejinunulia mtikiso. Chenga unaweza kuzipunguza nyumbani, ukikaa mezani na programu yako. Picha iliyotikisika haina dawa.

Ijumaa

Asubuhi nimekwenda sokoni Gede nikanunua mchele kilo mbili, nikaukunja ndani ya kipande cha kanga kuukuu na kukishona pande zote. Huo ndio mto wa lenzi. Unaulaza juu ya gogo au chini kwenye mchanga, lenzi inazama kidogo, punje zinaikumbatia. Kwa kazi ya chini ninauamini kuliko tripodi yangu nyepesi, ambayo upepo ukivuma inaimba.

Mchana nimeacha daraja nikateremka kwenye tope lenyewe, kwa ruhusa ya kijana anayeongoza wageni. Leo sikutaka keremkerem. Nilitaka kujifunza kwa ndege anayekaa chini, nao wapo: wale weupe wenye mgongo mweusi, mdomo mzito mweusi na miguu mirefu ya kijivu, wanaoitwa wala kaa. Hawa ni wageni wa mbali. Wanazaa kwenye mchanga wa visiwa na fukwe za Uarabuni na Bahari ya Shamu, Oman ikiwamo, ndani ya mashimo marefu wanayochimba wenyewe, yai moja jeupe. Watoto wanakuja nao hadi huku, na bado wanamfuata mzazi wakidai kulishwa. Leo nimemwona mmoja, wa kijivu, ameshakuwa mkubwa sawa na mama yake, anamlilia kila anapokamata kitu.

Nikaanza kuwafuata kwa magoti. Wakasogea. Nikasogea. Wakasogea tena. Mzee mmoja alikuwa anatoka majini na chuma chake cha kutolea kaa mashimoni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Wawataka hao weupe?"

"Ndiyo, baba, lakini wananikimbia."

"Usiwafuate. Maji leo yajaa isha. Kaa pale kwenye mlilana, utulie. Maji yatakuletea."

Nilikwenda nikalala kifudifudi juu ya gunia, chini ya mlilana wa kwanza, ambao ni aina ya mkoko, mto wa mchele mbele yangu, lenzi kimo cha kiganja kutoka topeni. Mwezi wa siku ya tano ulikuwa nyuma yangu upande wa msitu, na jua likishuka upande huohuo, ndege wote mbele wakawa wamepakwa waridi. Maji yakapanda. Kila yalipomeza kipande cha tope, ndege walisogea hatua chache kuja kwangu, bila haraka, wakiendelea kula. Sululu wawili, ndege wenye mdomo mrefu uliopinda, walipita karibu hata lenzi ikashindwa kuwalenga.

Hapo nimejifunza jambo ambalo miaka mitatu lilikuwa mbele ya macho yangu. Mla kaa hatembei mfululizo. Anakimbia, anasimama. Anakimbia, anasimama, anainamisha kichwa kidogo upande mmoja, kisha anachoma. Kile kituo kabla ya kuchoma hakifiki sekunde moja, lakini ndani yake ndege ni kama jiwe. Nikiacha kubonyeza anapokimbia, nikabonyeza tu anapoinamisha kichwa, shata ya 250 inatosha kabisa. Mmoja alimchomoa kaa mwenye upana wa sarafu, akamtikisa mpaka miguu ikachopoka mmoja baada ya mwingine, akammeza kiwiliwili, kisha akarudi kuokota miguu. Ninazo picha nne za hapo ambazo unaweza kuhesabu matone ya maji kwenye mdomo.

ISO nilipandisha hadi 3200, na mwanga ulipozidi kufa, 6400. Moyo ulinidunda kama ninayeiba. Fidia ya mwanga, yaani kuiambia kamera izidishe au ipunguze mwanga, niliishusha thuluthi mbili za hatua, kwa sababu ndege mweupe juu ya tope jeusi huidanganya kamera: inaona giza jingi, inajaribu kuling'arisha, na manyoya meupe yanaungua yote, haubaki hata mstari mmoja. Kwa ndege wa rangi ya kawaida mambo ni kinyume, jioni ni heri picha iwe na mwanga zaidi kidogo. Picha iliyopigwa gizani halafu ukaivuta mwanga nyumbani ina chenga mbaya kuliko iliyopigwa kwa ISO ya juu tangu mwanzo. Nimezijaribu zote mbili leo, ndege yuleyule, sekunde kumi zikizitenganisha, na tofauti inaonekana bila kuvaa miwani.

Nimerudi nikiwa tope mpaka nywele. Picha 140, na ishirini na moja nitazihifadhi.

Jumamosi

Msituni. Arabuko-Sokoke ina kilomita za mraba 420 hivi, na ndani yake anaishi bundi mdogo wa Sokoke, ambaye nje ya hapa hupatikana mahali pachache, kama kwenye misitu ya chini ya Usambara Mashariki, Tanga. Ana urefu usiozidi kitanga cha mkono na vidole vyake. Mwongozaji wangu, kijana wa hapahapa aliyekulia ukingoni mwa msitu, aliniuliza kitu kimoja kabla hatujaingia: "Dada, utakuwa na subira?"

Tulitembea saa mbili. Tulipita miti mirefu ya mirihi yenye nafasi, halafu tukaingia kwenye vichaka vilivyosongamana vya udongo mwekundu, ambako hata saa tisa mchana ni kama magharibi. Alinishika bega, akaelekeza kwa kidevu. Sikuona kitu. Akasogeza jani moja kwa kidole, polepole, na bundi wawili walikuwa pale kimo cha kifua changu, wamebanana, mmoja wa kijivu mmoja wa hudhurungi, macho nusu wazi. Bibi yangu akisikia bundi juu ya paa husoma dua na kututuma tuangalie kama mlango umefungwa. Ningetamani awaone hawa wawili.

Ndege aliyelala hahitaji kasi. Hapa nilishuka hadi ISO 800 tena, tripodi imefungwa chini kabisa miguu imetanuliwa, begi nimelitundika katikati liwe uzito, na shata sehemu ya 15 ya sekunde. Kubonyeza kwa kidole kunatosha kuharibu, kwa hiyo niliweka kamera ihesabu sekunde mbili yenyewe kabla ya kupiga. Hata hivyo nyingi zilitoka na kifua cha ukungu na tawi safi. Kumbe wanapumua. Manyoya ya kifua yanainuka na kushuka, na mwisho wa kila pumzi kuna kituo. Nikaanza kuhesabu pumzi zao kimoyomoyo, nikibonyeza sekunde mbili kabla ya kile kituo. Katika 40, sita zimesimama sawasawa, kila unywele wa uso unaonekana.

Dakika kumi, kisha mwongozaji akarudisha jani mahali pake na tukaondoka. Hakuvunja hata kijiti. Njiani alinieleza kwamba wapo wageni wanaomtaka akate tawi ili picha itoke vizuri, naye hukataa, maana bundi akizoea mahali pake ni kama mtu na kitanda chake.

Jumapili

Leo nimefika mikokoni saa kumi, mapema mno, kwa makusudi. Nimekaa tu nikitazama miti bila kamera. Keremkerem wanapolala hawachagui ovyo. Wanapenda matawi makavu yanayochomoza juu, yaani vituo vya kwanza, wanakaa hapo wakijipanga mabega kwa mabega, halafu giza likikolea wanaporomoka ndani ya majani. Kinyesi cheupe kwenye mikoko kinaonyesha wazi ni matawi gani. Nimechagua tawi moja, mita ishirini hivi kutoka ukingoni, ambalo nyuma yake kuna maji matupu, hakuna majani. Nimelilenga jua likiwa bado juu, kisha nikaizima fokasi ya kamera kabisa. Jioni fokasi inahangaika, lenzi inakwenda mbele na nyuma kama mtu anayetafuta ufunguo gizani, na wakati inahangaika ndege ameshatua na kuondoka. Tawi halihami. Ndege atakuja kwenye tawi.

Sikusimama darajani. Nilikaa chini kwenye kisiki kilichobaki ukingoni, mto wa mchele juu ya magoti ya mkoko uliokufa. ISO 6400 tangu mwanzo, wala moyo haukunidunda. Faili ghafi, yaani picha ambayo kamera haijaichakata, na kamera nikaiambia ipige kwa mfululizo wa picha tano tano, kwa sababu ya kwanza mara nyingi inabeba mshtuko wa kidole na ya tatu au ya nne ndiyo inayotulia.

Jambo jingine ni ule wekundu. Jana usiku nilizitazama upya picha chache za Alhamisi ambazo hazikutikisika, nikaona vifua vya keremkerem vimekuwa kama vimepakwa rangi ya mlango, bapa, hakuna unyoya. Grafu ya mwanga kwenye kamera ilionyesha sawa. Lakini ukiitazama grafu ya nyekundu peke yake, imegonga ukuta. Ndege mwekundu namna hii hujaza rangi moja kabla ya nyingine. Kwa hiyo kwake, tofauti na nilivyosema juu ya ndege wa kawaida, nashusha mwanga kidogo, kama kwa yule mweupe.

Saa kumi na mbili na robo, kundi la kwanza. Wakapita juu ya kichwa changu wakitokea msituni, sauti zao nzito, fupi fupi, mabawa yamenyooka wanapoteleza. Sikubonyeza. Wakazunguka mara tatu na kwenda mti mwingine. Nikakaza. Kundi la pili likafanya hivyohivyo. Mikono iliniuma kwa kusubiri.

Jua likazama. Mmoja akatua kwenye tawi langu, kisha wawili, kisha hapakuwa na nafasi. Na hapo, kama wale wala kaa, nikaona kituo chao. Anayekuja akikuta tawi limejaa anabaki hewani juu ya wenzake, anapiga mabawa, anasubiri asogezewe, na yule aliyekaa pembeni kabisa anainama mbele, mabawa nusu wazi, ili asianguke wanapomsukuma. Mabawa ya anayesubiri hayawezi kutulia kwa mwanga ule. Lakini kichwa chake kimetulia. Mwili wote unatetemeka na kichwa kimekaa palepale, kama taa iliyotundikwa. Basi nikaacha kuyapigania mabawa. Nikatoa pumzi yote, nikangoja kichwa.

Mzee wa kaa alipita na kapu lake, akaja kusimama nyuma yangu, hakusema neno. Maji yalikuwa yameanza kuzunguka kisiki changu.

Kuna mwanasayansi wa Kicheki, Purkyně, aliyeandika karne ya 19 kwamba mwanga ukiwa hafifu, nyekundu ndiyo ya kwanza kufa machoni mwa binadamu, na buluu inachelewa. Nimelishuhudia leo kwa macho yangu yote mawili. Saa moja hivi nilitoa jicho kwenye kamera nikatazama mti, na keremkerem wote walikuwa weusi, mafungu ya makaa kwenye tawi, wakati vichwa vyao bado nilikuwa naviona vimepauka kibuluu. Mzee naye alikuwa anaona hivyo.

"Watoka Mombasa kwa ajili ya weusi hawa?"

"Si weusi, baba. Ni giza."

Nikampa kamera, nikamwekea ya nne katika mfululizo wa mwisho. Kamera haina macho yetu, wekundu kwake haukuwa umekufa. Pembeni kabisa ya tawi yuko mmoja ameinama mbele, mkia umeinuka, jirani yake amemsukuma. Chenga zipo, zimetapakaa kwenye maji ya nyuma kama vumbi. Bawa la anayesubiri juu yao ni kivuli cha waridi. Lakini huyu wa pembeni amesimama: nyuzi za unyoya wa kifua, ukingo wa utepe mweusi, jicho jekundu la kahawia, na ndani ya jicho mstari mwembamba wa anga iliyobaki.

Mzee aliisogeza kamera karibu na uso, akaiweka mbali, akaisogeza tena. Akatazama mti, akatazama kioo.

"Kumbe bado wamevaa," akasema.

Alinirudishia kwa mikono miwili, akainua kapu. Juu yetu wakaanza kuporomoka ndani ya majani, mmoja mmoja, mpaka tawi langu likabaki tupu. Nikavua viatu, nikavuka maji kwenda barabarani.